Viboko Kumi na Viwili kwa Kila Chupa

"Toa hilo buti ndani ya chumba changu!"

"Mama Siwema, buti haliwezi kutoka peke yake. Mimi nimo ndani yake."

"Basi toka nalo!"

Sajini Mbwilo hakutoka. Alisimama katikati ya chumba safi cha maabara, askari wanane nyuma yake, kila mmoja na kirungu chake, kila mmoja na matope ya njia nzima kutoka kambini. Bi Sikudhani, huyo Mama Siwema, mkuu wa maabara, alikuwa amejibandika mbele ya rafu ya sita, mikono ameitanua kama kuku aliyemwona mwewe. Koti lake jeupe lilikuwa na damu begani, pale kirungu cha kwanza kilipokosea njia.

"Amri inasema chupa zote," Sajini alisema, akaikunjua karatasi. "Viboko kumi na viwili kwa kila chupa, asubuhi na jioni, hadi mimea iliyomo itoe dawa ya kutosha. Rafu tano tumemaliza. Imebaki hii."

"Umemaliza kweli. Mimea ya hizo rafu tano iko wapi?"

Sajini alitazama vioo vilivyojaa sakafuni. "Imechapwa."

"Imekufa, Mbwilo! Wewe tangu uzaliwe hujawahi kuangusha hata yai ukaona kinachotokea?"

"Kwenye fomu hakuna safu ya kufa, Mama. Kuna safu ya 'Amelia' na safu ya 'Amekaidi'. Hii yote haikulia. Nimeandika imekaidi."

"Mmea hauna koo la kulilia!"

"Ndiyo maana nikaandika imekaidi."

*

Msomaji asije akaifikiria vibaya nchi ya Shwari. Ni nchi tulivu kuliko zote zinazoizunguka, na utulivu wake haukuokotwa njiani. Hutunzwa kwa mkono, kila siku ya Mungu, na Kikosi cha Kutuliza. Majirani wana maandamano na ghasia. Shwari haijapata ghasia tangu bendera ipandishwe, kwa sababu wote ambao wangezifanya hutulizwa mapema, wengine wakiwa bado wanapiga mswaki.

Kasoro ya utulivu ni moja tu: unatoa damu nyingi.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Porini kulikuwa na mti mdogo uitwao mgandadamu. Jani lake likitafunwa na kubandikwa kwenye jeraha, damu hukoma kabla hujamaliza kusema "uwi". Lakini wananchi walitulizwa kwa bidii mpya, na katika miaka mitatu mgandadamu ukaisha. Watu walikwangua majani, kisha magome, kisha wakachimba mizizi, na mwisho wakapigania mashimo. Waliojeruhiwa kwenye ugomvi wa mashimo hawakupata dawa.

Hapo ndipo Serikali ilipomkumbuka Bi Sikudhani Mkumbukwa, mwenye stashahada ya chuo, mama wa binti mmoja, na mdomo usiojua kona. Alikuwa amehifadhi mche mmoja wa mgandadamu dirishani kwake. Akapewa ghorofa ya juu ya hospitali, rafu sita, taa na chupa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachukua kipande cha jani kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Unakiosha kwa spiriti. Unakilaza ndani ya chupa, juu ya jeli ya mwani yenye sukari na virutubisho, unafunga, unaweka chini ya taa. Baada ya wiki sita kile kipande kinasahau kwamba kiliwahi kuwa jani. Kinakuwa bonge la seli, jeupe, limejishikilia kama ugali wa jana. Ukilikamua, linatoa dawa ileile iliyokuwa porini. Chupa arobaini, sindano moja. Sindano moja, roho moja.

Adui ni uchafu. Unywele mmoja, pumzi moja ya mtu asiyejifunga kitambaa mdomoni, ukungu umeingia na chupa imeoza. Bi Sikudhani aliwaambia wote waliopanda kwake: "Hiki ni chumba cha mzazi aliyejifungua jana. Huingii na viatu, huingii na kikohozi, na kama huna shughuli huingii kabisa."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoandika ripoti.

*

Shwari wana desturi yao ya kusoma ripoti. Waziri hazisomi mwenyewe, maana macho ya Waziri ni mali ya umma. Karani wake, Bwana Fumbwe, humsomea kwa sauti, mkasi ukiwa mkono wa kulia. Waziri husikiliza mpaka sentensi ya kwanza inayompendeza, kisha huinua kidole. Fumbwe hukata karatasi papo hapo. Ya juu ya mkasi yanakuwa sera ya taifa. Ya chini ya mkasi huwashia moto wa chai. Desturi hii ilianzishwa kuokoa muda, na kwa kweli imeokoa muda mwingi.

Mheshimiwa Kondo Mwinyikai, Waziri wa Afya na Utulivu, aliinua kidole kwenye sentensi ya tisa. Ilisema: "Seli zikijeruhiwa, hutoa dawa mara tatu zaidi."

Sentensi ya kumi ilisema kwamba jeraha lenyewe ni tundu moja la sindano iliyopitishwa motoni, jembamba kama mguu wa chawa, na kwamba lolote zaidi ya hapo linaua. Sentensi hiyo ilichemsha chai ya Waziri, na inasemekana chai ilitoka nzuri.

"Zikijeruhiwa!" Waziri alisimama, machozi yakimlengalenga. "Fumbwe, umesikia? Miaka yote hii tunadhani tunatuliza watu tu, kumbe tunafanya sayansi!"

Amri ilitoka kesho yake. Rafu moja kwa siku. Virungu vilivunja chupa nyingi, na zilizobaki na nyufa zikaingiwa na ukungu mweusi uliopanda na mabuti. Bi Sikudhani alipoonyesha ukungu, Wizara ilishtuka sana. Ukungu ulishtakiwa kwa kuvamia nchi. Mahakama ilikaa dakika nne. Chupa mia mbili zilipangwa kwenye ukuta wa uani, zikasomewa hukumu, zikapigwa risasi. Vioo vikarudi zilikotoka risasi, na askari wanne wakapoteza macho. Hao walilia, tena sana, wakaandikwa kwenye safu yao. Gazeti la Serikali lilisema majaribio yameanza kuzaa matunda.

Rafu ya sita ilipona kwa sababu Bi Sikudhani aliifunga kwa nailoni kutoka juu hadi chini, akaigandisha kwa gundi, akalala miguuni pake. Ilikuwa na chupa arobaini na nne.

Na tangu jana hakuwa tena akiilinda kwa ajili ya taifa.

Jana asubuhi Siwema, binti yake wa miaka kumi na tisa, alikwenda kupanga foleni ya vyeti vya kuzaliwa. Kikosi kilipita kikaona foleni imepinda. Kikainyoosha. Watu kumi na mmoja walinyooka kabisa, wakazikwa jioni ileile bila kuhitaji kunyooshwa tena. Siwema alichomwa singe pajani. Sasa alikuwa amelazwa wodi ya chini, ngazi ishirini kutoka kwenye rafu ya sita, na Nesi Mgeni alikuwa akimbadilishia kitambaa kila nusu saa. Daktari alikuwa amesema neno moja tu, "Jioni," akaondoka akiangalia viatu vyake.

*

"Mbwilo," Bi Sikudhani alisema, akishusha mikono. "Waziri anakuja leo?"

"Saa sita kamili. Kuja kushuhudia."

"Ukiichapa rafu hii sasa, yeye akija atachapa nini?"

Sajini aliigeuza karatasi kutafuta safu ya hilo.

"Atakuja na waandishi wa habari. Atakuja na kirungu chake cha mpingo. Atakuta vioo. Atakiinua, ampige nani? Mimi nitakuwa nimesimama kule nyuma, miye mwanamke mfupi. Wewe ndiye utakuwa mbele."

Askari wanane walitazamana. Sajini aliyemtangulia Mbwilo aliwahi kusahau utepe siku ya uzinduzi wa daraja. Waziri alikuwa ameshaushika mkasi, na mkasi wa Waziri ukishafunguka hauwezi kufungwa hivihivi. Yule sajini sasa kofia humwangukia upande mmoja, kwa sababu upande ule hauna sikio la kuizuia.

"Kwa hiyo unashauri nini, Mama?" Sajini aliuliza, na kirungu kilikuwa kimekwenda nyuma ya mgongo.

"Nashauri mkatandike zulia. Rafu mniachie mimi niipanguse ing'ae."

Walitoka mbio. Sufuria ya ugali wao wa mchana waliiacha barazani.

Bi Sikudhani aliikokota ndani, akafunga mlango kwa komeo. Alinawa mpaka viwiko, akawasha taa ya spiriti, akachana nailoni. Hakuwa na muda wa kuwaza, na hilo lilimsaidia. Chupa ya kwanza, bonge nje, kinuni. Chupa ya pili. Ya kumi. Alitwanga, akakamua, akachuja, akachuja tena kwenye kichujio kile chembamba kisichopitisha hata kijidudu. Kila chupa iliyobaki tupu aliitia tonge la ugali wa Kikosi, akalikandamiza kwa kidole gumba, akaifunga, akairudisha rafuni. Ukiangalia haraka usingetofautisha, na Shwari mambo yote huangaliwa haraka.

Chupa ya arobaini na nne ilipokwisha, alikuwa na sindano moja iliyojaa maji ya rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Alifunika ncha, akaitia mfukoni, akashika komeo.

Mlango ukamwangukia. Waziri alikuwa amefika saa tano.

*

Waliingia watu thelathini, wote na viatu. Mbele alikuwa Mheshimiwa Kondo, mnene, anayenukia udi, nyuma yake Fumbwe amebeba mto wa hariri wenye kirungu cha mpingo chenye pete za dhahabu. Bi Sikudhani, paji la uso likiwa limepasuka kwa ubao wa mlango, aliinuka na kujaribu kupita kandokando ya ukuta.

"Rudi nyuma, Mama," Sajini alimnong'oneza. "Anaanza kuzungumza."

Ilibidi arudi. Shwari, anayetoka Waziri akizungumza hupigwa risasi ya mguu, na Waziri akiwa amefika kwenye methali, miguu yote miwili.

"Wananchi!" Waziri alinguruma. "Wakoloni walitudanganya. Walituambia mmea unahitaji maji. Kwa nini? Ili sisi tuteke maji, wao wakae kivulini wakitucheka! Mmea hauhitaji maji. Mmea unahitaji nidhamu!"

Makofi. Asiyepiga makofi alipigwa kofi.

"Na hatutaishia kwenye mimea. Najiuliza, mimi kama mwanafikra: ikiwa bonge lisilo na ubongo likijeruhiwa linatoa dawa, mwananchi mwenye akili timamu, aliyesomeshwa na Serikali yake, atatoa kiasi gani? Sipati jibu, kwa hiyo tutajaribu. Kuanzia leo mchana wodi ya chini ni shamba la majaribio. Majeruhi wote waliomo wasifungwe vidonda wala wasitibiwe. Wako kazini!"

Kutoka chini ya ngazi ilisikika sauti ya Nesi Mgeni: "Mama Siwema! Shuka! Kitambaa hakishiki tena, shuka upesi!"

Askari wa ngazini alimtuliza. Walisikia kirungu mara tatu, kisha kitu kizito kikibingirika, kisha kimya. Wachache walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Bi Sikudhani aliuma ulimi wake mpaka akaonja chumvi.

Waziri alipokea kirungu. Akakunja mkono wa joho. "Kwa jina la Shwari," akasema, akapiga.

Chupa ya kwanza ilipasuka vizuri sana. Ugali uliruka ukamnata Fumbwe kwenye paji la uso, naye hakuupangusa kwa sababu ulikuwa umepigwa na mkono wa Serikali. Makofi. Chupa ya pili ilipasuka, kioo kikakata shavu la mwandishi wa habari, naye akaandika kwamba anga lilikuwa zuri. Chupa ya tatu ilikuwa na ugali uliokauka zaidi, mgumu kama jiwe la kusagia. Kirungu kiliteleza. Mkono wa Waziri ukatangulia wenyewe, ukaingia kwenye kioo hadi karibu na kiwiko, ukatoka.

Damu haikutoka, iliruka. Ilipiga taa, ikapiga dari, ikachora mstari kwenye mashati meupe ya wageni kuanzia wa kwanza hadi wa saba.

"Nimekatwa!" Waziri alisema kwa mshangao, kama mtu anayesikia habari ya nchi nyingine.

Hakuna aliyesogea. Sheria ya Shwari iko wazi: mwili wa Waziri hauguswi ila kwa kibali cha maandishi, nakala tatu, zenye sahihi yake ya mkono wa kulia. Fumbwe alizitoa haraka, mtu makini sana yule, akamsogezea kalamu. Waziri alijaribu. Nakala ya kwanza ililowa. Ya pili ikalowa. Alipohamisha kalamu kwenye mkono wa kushoto, Fumbwe alilia kwa uchungu: "Huo hautambuliki, Mheshimiwa!"

Sajini Mbwilo, kwa kukosa la kufanya, alianza kuwapiga askari wake. Askari wakawapiga waandishi. Mtu fulani akafyatua bunduki juu, na dari ikaanguka kidogo.

"Dawa!" Fumbwe alipiga kelele. "Si ipo hapa chini, imechapwa na yeye mwenyewe!" Akainama, akazoa matonge ya ugali kutoka kwenye vioo. Lakini kumgusa hakuruhusiwi. Basi akasimama hatua tatu mbali, akafumba jicho moja, akaanza kumrushia. Tonge la kwanza lilimpata Waziri kifuani. La pili puani. La tatu liligonga jeraha, likakaa kidogo, likageuka jekundu, likaanguka.

Waziri aliketi sakafuni kwenye matope ya mabuti. Ule unono ulikuwa umeanza kumtoka usoni. Macho yake yalizunguka chumba kizima yakatua kwa mtu pekee mwenye koti jeupe.

"Bi Sikudhani," alisema, na sauti haikuwa ya mkutano tena. "Hii siyo yenyewe. Wewe unayo yenyewe. Nakujua, mama, wewe ni mtu wa akiba."

Mkono wa Bi Sikudhani ulikuwa mfukoni, juu ya sindano. Vuguvugu.

"Nina wajukuu," Waziri alisema. "Tafadhali."

Alikuwa na uso wa mtu. Hilo Bi Sikudhani hakulitarajia, na lilimkera. Mwaka mzima alikuwa amefundisha watu kwamba dawa haichagui, na angependa kuwa mtu wa kutii alichokifundisha. Lakini sindano ilikuwa moja. Nusu kwa huyu na nusu kwa yule ni majeneza mawili, na hiyo ni hesabu anayoijua kila mama aliyewahi kupakua chakula kisichotosha. Hakuna mama anayepakulia mgeni kwanza mtoto anapozimia.

"Ninayo," alisema. "Siyo yako."

Akageuka akaenda mlangoni.

Sajini alimzibia njia, akihema, kirungu kinachuruzika. "Hakuna kutoka, Mama! Waziri anazungumza!"

"Hazungumzi, Mbwilo. Analia. Pisha."

"Hiyo ni dawa ya kweli? Mfukoni?"

"Ya kweli."

"Na ile anayorushiwa?"

"Ugali wenu."

Sajini alitazama sakafu, akatazama ukuta ulivyolowa, na mkono wake, ambao haukuwa umefundishwa kitu kingine maisha yake yote, ukainuka wenyewe ukashuka. Kirungu kilimpata Bi Sikudhani mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipepesuka akagonga fremu ya mlango. Sindano ilikuwa mkono wa kulia. Akapita chini ya kwapa la Sajini, naye Sajini akabaki akikitazama kirungu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Ngazi ishirini. Kwenye ya nane alimruka askari aliyekuwa ameketi akijifuta, kwenye ya kumi na tano aliteleza kwenye damu ya Nesi Mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa ametambaa mpaka kitandani, meno mawili hana, na ameukandamiza mguu wa Siwema kwa uzito wa mwili wake wote.

"Umechelewa," Mgeni alisema kupitia damu.

"Najua. Sogea."

Siwema alikuwa na rangi ya jivu. Juu yao dari ilitetemeka kwa vishindo, na kupitia mbao ilisikika sauti ya mtu mzima ikiita mama yake.

"Mama, mkono wako..."

"Uache."

"Nani analia huko juu?"

"Waziri. Amekatwa na kioo."

Binti alitazama sindano, akamtazama mama yake. Alikuwa amezaliwa na mwanamke huyu na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Ni hiyo tu iliyopo?"

"Ni hii tu."

"Atakufa?"

"Ndiyo," Bi Sikudhani alisema. Aling'oa kifuniko kwa meno, akakitema. "Nyoosha mguu."

Akachoma, akaisukuma dawa yote mpaka tone la mwisho.